Stima juu ya siling: shajara ya kugeuza ofisi kuwa ukumbi wa kanisa, Minnesota

Jumamosi, kufungua siling

Funguo tumeshapewa. Ukumbi ni ofisi ya zamani kwenye jengo la orofa moja hapa Brooklyn Park, kanisa letu la Kiswahili (Wakenya ndio wengi, halafu Wakongo na Watanzania kadhaa) limechukua lisi (mkataba wa kupanga), na mimi nimeachiwa mambo ya nyaya kwa sababu ndio kazi inanilisha, nina leseni ya nguvu ndogo yaani data, kamera, spika na kadhalika. Ile stima ya volti 120 ya ukutani sigusi, hapa Minnesota hiyo iko na leseni yake, na kwa jengo la biashara hakuna habari ya kujifanyia mwenyewe ati kwa sababu wewe ndio umeshika ufunguo. Basi nimemvuta jamaa mmoja wa Eldoret, fundi wa stima, kampuni yake ndio itachukua pamiti, yaani kibali cha kazi. Naandika haya ili wazee wakiuliza pesa ilienda wapi niwatumie, na mwingine yeyote anayegeuza ofisi kuwa ukumbi apate pa kuanzia.

Siling ni ile ya kuning'inia, bodi za futi 2 kwa 4 zimelala kwenye gridi ya chuma. Nimepanda ngazi nikainua moja katikati ya ukumbi, nikapiga tochi, na aki nilicheka. Ekstensheni ya rangi ya machungwa, zile watu hutumia kwa mashine ya kukata nyasi, inatoka kwenye soketi ya chumba cha nyuma, inapanda na ukuta, inapenya tundu walilotoboa kwenye bodi, inalala juu ya gridi mpaka katikati, hapo imeingia pawa stripu ya plastiki, na hiyo stripu inalisha adapta ya ruta, pampu ndogo ya maji ya AC, na waya mweusi ambao haufiki popote, nadhani ulikuwa wa projekta yao. Vumbi iliyo juu ya stripu unaweza kupanda sukuma wiki. Ganda la ekstensheni limeandikwa 16/3 SJTW (nyaya tatu nyembamba za geji 16), na breka yake kule kwenye paneli ni ya ampea 20. Nimezima breka kwanza ndio nikachomoa plagi ya pampu: mguu mmoja umegeuka kahawia na plastiki ya stripu imelainika pale pembeni ya tundu, ukiigusa na ukucha inabonyea. Na chini yake kulikuwa na dawati la mtu.

Kilichonishangaza zaidi, hatua mbili tu kutoka hapo kuna soketi halali kabisa, boksi la chuma limefungwa kwa fremu ya jengo, limelishwa na kebo ya MC (ile yenye ganda la chuma), na haina kitu. Nimepiga picha zote nikatupa kwa grupu ya wazee.

Jumapili jioni, swali la Mzee wa hazina

Mzee wetu wa hazina ni mtu wa hesabu. Baada ya ibada ameniita kando: "Kijana, hiyo soketi naona iko huko juu tayari, na kama wakaguzi waliipitisha si tununue ekstensheni mpya tu tuchomeke hapo, huyu fundi tunamlipa ya nini?"

Swali zuri sana, manake ndilo kila mtu huuliza, hata watu wa hii kazi. Jibu nimemwandikia kwa WhatsApp na hapa nalinyoosha kidogo.

Kitabu kinachotumika ni NEC, kanuni za stima za Marekani, jina lake rasmi NFPA 70, hutolewa upya kila miaka 3, na Minnesota ilianza kutumia toleo la 2023 tarehe 1 Julai 2023. Hakuna mahali kinasema soketi isikae juu ya siling. Boksi likiwa juu ya bodi ambayo unainua kwa mkono linahesabika kuwa linafikika, hakuna kesi. Kesi ni ya waya wa kuchomeka. Kifungu cha 400.12 (wazee wa kazi bado wanakiita 400.8, kilihamishwa kwenye toleo la 2017) kinataja mahali waya laini, yaani wa kunyumbulika kama ekstensheni, haukubaliwi: usiwe badala ya nyaya za kudumu za jengo, usipite kwenye tundu la ukuta, sakafu au siling, usipite mlangoni au dirishani, usifichwe nyuma ya ukuta wala siling, na hapo hapo kinaitaja kabisa, usiwe juu ya siling ya kuning'inia.

Hiyo ya siling ndiyo yenye utamu wake. Kwenye kitabu hicho hicho, nyaya zilizo nyuma ya bodi ya kuinuka zinahesabika kuwa ziko wazi, hazijafichwa. Sasa mtu mjanja angekwambia waya wangu haujafichwa bwana, inua bodi uuone. Wakaona afadhali waitaje siling ya kuning'inia kwa jina, mlango huo ukafungwa. Na hapo ndipo unapata hali inayokaa kama mzaha, soketi halali mia kwa mia lakini vitu vyetu vya kawaida huwezi kuvichomeka hapo ukaviacha. Si kwamba haina kazi, fundi akipanda kutengeneza AC anachomeka taa au drili yake, akimaliza anachomoa anashuka nayo. Ukiacha waya huko juu ukarudisha bodi, umevunja kanuni, hata kama waya umenunua leo asubuhi.

Mzee akauliza, mbona hawa watu wakali hivyo na kwetu tunachomeka tu. Maoni yangu ni haya. Kwetu plagi ya miguu mitatu, hii tulirithi kwa Waingereza, iko na fyuzi ndani yake, ya ampea 3 au 13, kwa hivyo kiwaya chembamba cha redio kina mlinzi wake hapo hapo. Plagi ya kawaida ya Marekani haina fyuzi ndani. Kinacholinda waya mwembamba ni breka ya 15 au 20 iliyo mbali kwenye paneli, na waya wa geji 16 au 18 unaweza kupata moto wa kutosha kabla breka haijajua kuna shida. Ukiwa sakafuni utanusa, utaona umekatwa na mguu wa kiti. Juu ya siling hakuna anayenusa wala kuona, na kule ndiko joto hupanda. (Si kwamba kwetu tuko salama, binamu yangu Nakuru amenitumia picha ya jipsamu yake mpya, adapta za taa za LED zimelala juu ya bodi iliyopigwa plasta, haiinuki, siku adapta ikifa inabidi wavunje. Nimemuuliza fundi wake ana leseni ya EPRA, wasimamizi wa kawi Kenya, amenyamaza.)

Mzee amejibu, "Sawa. Bei ngapi."

Jumanne, fundi amekuja

Kitu cha kwanza fundi hakuangalia hata ile ekstensheni, ameenda moja kwa moja kwenye grili ya hewa inayorudi AC, akainua bodi ya pembeni yake akaangalia juu ya grili. Hakuna dakti, ile njia ya bati ya kupitishia hewa. Grili iko wazi juu, yaani nafasi nzima ya juu ya siling ndiyo njia ya hewa kurudi kwenye mashine. Hiyo inaitwa plenamu na inabadilisha mchezo wote, kwa sababu plastiki ikiungua huko ule moshi hauhitaji kutafuta njia, feni inauvuta inaurudisha kwa watu kupitia kila tundu la AC la ukumbi.

Kwenye plenamu kifungu cha 300.22(C) kinataka nyaya za stima ziwe za chuma: paipu ya EMT, kebo ya MC isiyo na ganda la plastiki juu, paipu laini ya chuma. Kebo za data ziwe zimeandikwa CMP, hizo ndizo zimepita jaribio la NFPA 262, moto usitembee zaidi ya futi 5 na moshi uwe mchache. Na kifaa chenyewe kinachokaa huko, kama spika au akses pointi (kifaa cha kurusha WiFi), kiwe kimepimwa kwa UL 2043, jaribio la moto na moshi. Pawa stripu ya plastiki hapo haina hata pa kuanzia kujitetea.

Halafu tukaanza kupata zingine. Romex, ile kebo ya stima ya ganda la plastiki, kipande kirefu tu, inalisha taa ya kona. Mmoja wa vijana waliokuja kusaidia akasema "lakini beisimenti yangu iko na siling kama hii na Romex imejaa", na kweli, kwa nyumba ya kuishi inakubaliwa, lakini kwa jengo kama hili kifungu cha 334.12 kinaikataza juu ya siling ya kuning'inia hata kama si plenamu. Inatoka. Kebo za data za mpangaji wa zamani, fungu la bluu nene kama mkono, limelala juu ya bodi zenyewe, nyingi zimekatwa mwisho na hazijaandikwa CMP. Kebo iliyoachwa ambayo unaifikia lazima itolewe, isipokuwa imefungwa lebo ya kutumika baadaye, na fungu likikaa juu ya bodi mpaka bodi haiinuki hilo ni kosa lingine peke yake. Hii ni yangu, nguvu ndogo, nimeianza leo jioni. Inachosha sana, koti limejaa pamba ya siling.

Kingine, walifunga nyaya zao kwenye zile waya zinazoshikilia gridi. Hazikuwekwa kwa kazi hiyo. Ukitaka waya wa kushikilia kebo uweke wako, ufungwe juu kwenye fremu na chini kwenye gridi, tumezipaka rangi ya kijani inspekta asibabaike zipi za siling na zipi zetu.

Ijumaa, kitu kwa kitu

Tulikaa na karatasi, fundi na mimi, tukauliza kwa kila kitu: lazima kiwe juu? na kikiwa juu kitapata stima kwa njia gani bila plagi?

WiFi na kamera zilikuwa rahisi, hizo zinakula stima kutoka kwa kebo ya data yenyewe, PoE. Toleo la kwanza la PoE la 2003 linatoa wati 15.4, la 2009 wati 30, na hili la 2018 linafika 90, umbali mpaka mita 100. Akses pointi zetu zinatosheka na 30. Swichi iko kwenye raki chumba cha nyuma, imechomekwa soketi ya ukutani ambayo kila mtu anaiona. Angalizo kwa wanaojifanyia: wengine wananunua injekta ya PoE (kiboksi cha kutia stima kwenye kebo ya data) halafu wanaitupa juu ya siling karibu na kamera. Injekta iko na plagi. Umerudi pale pale.

Projekta ndiyo ilichukua muda. Watu wengi wanaitundika kwa paipu, waya wa stima unapanda kupitia tundu la bodi mpaka soketi iliyo juu, na wanaamini wamefanya vizuri kwa sababu soketi iliwekwa na fundi. Soketi sawa, waya si sawa, umepita kwenye tundu la siling na umelala juu yake. Njia tuliyochukua ni boksi la chuma linalokaa mahali pa bodi, limetengenezwa kwa plenamu, soketi yake inaangalia chini usawa na siling. MC inaingia kwa juu, projekta inaning'inia chini, na kiwaya chake chote kinaonekana kutoka sakafuni. Boksi na projekta vinabebwa na fremu ya jengo, gridi haibebi kitu. Kuna njia nyingine, kanuni yenyewe inaruhusu waya ukae ndani ya kabati la plenamu juu ya siling, lakini kabati hizo ni bei na za nini wakati hii inatosha. Picha inakuja kwa kebo ya data, Cat6 ya CMP, na kisanduku cha kupokea kimefungwa kwenye mguu wa projekta, kwa hivyo hata HDMI ndefu hatukuvuta.

Pampu ya AC ilileta mjadala. Mtu wa AC anasema kiwanda kimeiuza na plagi, maana yake wamekusudia ichomekwe. Fundi wa Eldoret akamwambia taratibu kabisa, "Kaka, kiwanda hakijui utaiweka wapi. Ungeiweka sakafuni kwa beisimenti ningekuchomekea mwenyewe." Unaweza kubishana na mkaguzi juu ya hiyo na pengine ukashinda, ila kila siku ya kubishana ni kodi tunalipa bila kuingia. Tumenunua pampu nyingine iliyopimwa kwa plenamu, ya kuungwa moja kwa moja, paipu laini ya chuma kutoka kwa boksi, na swichi ya kuizimia kando yake. Ile soketi iliyokuwa tupu ndiyo imetoa stima, boksi lake limekuwa la kuungia.

Kijana mmoja akapendekeza tuweke soketi ya GFCI (inayokata stima ikivuja) huko juu kwa usalama zaidi. Nia nzuri, lakini kitufe chake lazima mtu akifikie bila ngazi. Ukihitaji ulinzi huo kwa kitu cha juu, weka breka ya GFCI kwenye paneli.

Jumatano, mkaguzi kabla ya kufunga bodi

Hii ni muhimu na watu wanaisahau: aje wakati bodi ziko chini. Ukishafunga atakwambia fungua, na mwenye kulipa ni wewe.

Ni mama wa makamo, mtaratibu, ana kioo kidogo cha fimbo. Amepima MC imeshikwa ndani ya inchi 12 kutoka kwenye boksi halafu kila futi 6. Vile vipande vya mwisho vya kushukia taa vinaweza kuning'inia mpaka futi 6 bila kushikwa, kwa sababu siling inafikika, na amevivuta kimoja kimoja kuona kama kiungo kinacheza. Ameangalia taa za LED zimefungwa klipu kwenye gridi, zisidondoke gridi ikitikisika. Swichi ya AC iliyo juu ameuliza tundu la kuifikia lina ukubwa gani, linatakiwa lisipungue inchi 22 kwa 22, na letu la bodi nzima linapita.

Ametuandikia kitu kimoja cha kurekebisha, boksi la mpangaji wa zamani kule juu ya choo, halina kifuniko na nyaya zimefungwa tepu tu. Fundi ameliua kutoka kwenye paneli na kulitoa kabisa. Nilimuuliza huyo mama yeye hukuta nini zaidi juu ya siling za makanisa na madaktari wa meno, akasema "ekstensheni" kabla sijamaliza swali.

Alhamisi, taa za Mama Kwaya

Nilijua itakuja. Mama Kwaya amenipigia: "Mwanangu, nyuma ya kwaya nataka zile taa ndogo ndogo za kamba, zishuke kutoka siling, ule waya mfiche huko juu usionekane, si mmesema kuna soketi?"

Nikamwambia Mama, ile soketi imeshaolewa na pampu. Akacheka, lakini hakuacha. Nimemweleza taa za mapambo ya sikukuu zina kibali cha muda, siku 90, akasema yeye anazitaka mwaka mzima, Krismasi haimtoshi. Basi tumekubaliana hivi: fundi anaongeza soketi ukutani nyuma ya jukwaa, juu kidogo, MC inashuka ndani ya ukuta, na taa zinaning'inia kwenye fimbo ya pazia iliyofungwa ukutani. Plagi inaonekana, ila pazia la pembeni linaisitiri ukiwa umekaa kwenye viti. Siling haiguswi. Alitaka kujua kama pazia nalo ni kosa, nikamwambia hiyo aulize zimamoto, wao wana kanuni zao za vitambaa, na kweli tumeagiza lile lililotiwa dawa ya kuzuia moto.

Jumatatu, tulipofika

Bodi zimerudi, isipokuwa tatu juu ya projekta na pampu ambazo tumeziacha mpaka ukaguzi wa mwisho. Kwenye gridi, chini ya kila boksi lenye kitu, nimebandika alama ndogo ya rangi na namba ya breka, nyekundu ya stima na bluu ya data, ili yule atakayepanda baadaye asiinue siling nzima akitafuta. Paneli imeandikwa upya, zamani iliandikwa "ofisi", "ofisi", "ofisi".

WiFi inafanya kazi, kamera mbili za mlangoni zinafanya kazi. Projekta imewashwa kwa dakika chache ikaonyesha nembo ya kiwanda, vijana wakapiga makofi kana kwamba ni penalti. Spika za siling bado, zimekuja bila sanduku la chuma la nyuma linalotakiwa kwenye plenamu na nimezirudisha, nasubiri nyingine. Sabwufa inakaa sakafuni pembeni ya jukwaa, hiyo iko na waya wake na soketi yake ya ukutani na hakuna anayebishana nayo.

Fundi ametuma bili, nimeipeleka kwa Mzee wa hazina pamoja na shajara hii. Ameuliza swali moja, kama yale mabaki ya shaba ya Romex tumeuza au tumetupa.